Sukari ya Matanga Yangu

Dada yangu hupenda kuwaambia watu kwamba aliniokota jaani, na si uongo. Kabla yangu mama alikuwa amezika watoto, mmoja akimfuata mwingine, wote wakiwa bado wananyonya. Nilipozaliwa mimi, wazee wakasema kifo kimeshaizoea njia ya nyumba hii, sharti kidanganywe. Nikafungwa ndani ya kitenge kilichochakaa, nikalazwa nyuma ya nyumba juu ya maganda ya ndizi na majivu. Dada yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, akaambiwa apite pale kama mpita njia, ashtuke, aseme kwa sauti, "Nani ametupa hiki kitu hapa? Acha nijiokotee." Akaniokota. Akaniingiza ndani kwa mlango wa uani, nikapewa jina la takataka ambalo sitaliandika, ili kifo kikilisikia kione hapa hakuna cha kuchukua.

Nikaishi. Kwetu Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kisa hicho kikawa cha kuchekesha watu kwenye harusi. Dada akikisimulia, mimi namjibu kwamba alichelewa kuniokota, majivu yalishaniingia puani, ndiyo maana nikabaki na pua hii. Nakitanguliza hapa kwa sababu bila hicho mtamwona dada yangu kuwa mtu mbaya tu, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, sitaki mumwone hivyo.

Kazi yangu ni chapati na sambusa. Jiko langu liko uani, nyuma ya soko, penye mlango wa buluu. Mume nilikuwa naye. Alivuka kwenda Bukavu kuuza viatu, akapata huko mke wa kumpikia, akasahau daraja liko upande gani. Mtoto sikujaliwa. Kwa hiyo mtu wangu katika dunia hii alikuwa dada. Yeye ni mfanyabiashara wa vitenge, huvuka mpaka asubuhi na kurudi alasiri, askari wa pande zote mbili wanamjua kwa kicheko chake, na mkobani ana simu mbili, moja ya laini ya huku na nyingine ya laini ya kule.

Uvimbe niliukuta nikioga, kwenye titi la kushoto. Nikajidanganya kwamba ni joto la jiko. Dada ndiye aliyenikokota mpaka kwa daktari, na daktari wa kwetu akatutuma kwenye hospitali kubwa ng'ambo ya msitu. Anayeijua barabara ya msitu huo wa Nyungwe anajua kona zake. Mimi tumbo langu haliziwezi. Nilitapika tangu msitu ulipoanza mpaka ulipokwisha, na dada alinishikia kindoo cha rangi kwa mikono yote miwili bila kugeuza uso hata mara moja. Kila safari alikuja nacho, kimeoshwa, kimefutwa, amekitia ndani ya kikapu pamoja na chakula chetu. Nilimwambia watu wataona kinyaa. Akasema wakiona kinyaa watazame miti.

Walinikata titi. Wengine hulizungukia neno hilo. Mimi siwezi kulizungukia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Halafu zikaja dawa za kutundikiwa kwenye mshipa, nywele zikaondoka, ladha ya chumvi ikaondoka, nikawa nakaanga sambusa bila kujua kama zimekolea, na dada ndiye alikuwa akizionja kwa niaba yangu.

Bado nilikuwa nimelazwa, kidonda kibichi, alipokuja muuguzi wa utafiti. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, Kiswahili amejifunzia kwa wagonjwa wa upande wetu. Wengine husimama miguuni pa kitanda na kukusemesha kutoka kule. Huyu aliketi kando yangu.

"Maman," akasema, "hapa siye tunajua kupasua. Tunamuona mugonjwa anatoka ku mulango na miguu yake, tunafurahi. Lakini akifika kwake, anaishi aje? Ile hatujue."

Akanieleza taratibu. Wanawake waliopasuliwa kama mimi watapigiwa simu kila baada ya miezi kadhaa, waulizwe juu ya mkono, maumivu, usingizi, na kama kuna kitu kimeota tena. Watalinganishwa wanaoishi karibu na hospitali na sisi wa mbali, ili madaktari wajue upasuaji wao unamwacha nani salama na nani wanampoteza, na kwa nini. Akasema naweza kukataa na bado nitatibiwa vilevile. Nilikubali kabla hajamaliza. Sikukubali kwa wema, nilikubali kwa furaha. Maisha yangu yote watu walikuwa wameniuliza chapati bei gani. Huyu alitaka kuniuliza naishi vipi.

Akaomba namba ya simu. Yangu ilikuwa imedondoka ndani ya karai la mafuta ya moto wiki ile niliyoondoka nyumbani, na nilipoitoa kwa mwiko ilikuwa imeiva pande zote. Dada, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, akasema, "Andika yangu. Mimi na huyu ni mutu moja." Muuguzi akaandika.

Basi simu zikaanza. Zilikuwa zikimkuta dada popote, naye aliwaambia wapige jioni, kisha akaja uani kwangu na kunishikisha simu huku akivua viatu. Muuguzi aliuliza mkono unainuka mpaka wapi. Nikamwambia mpaka kwenye msumari ninapotundika chujio. Aliuliza naweza kubeba nini. Nikamwambia beseni zima la unga hapana, nusu yake ndiyo, na kukanda nakanda kwa mkono wa kulia, wa kushoto unashika tu beseni lisikimbie. Akacheka, akasema jibu langu daktari atalielewa kuliko mengine yote. Mara iliyofuata mkono ulikuwa umeupita msumari, nikampigia kelele kwenye simu kana kwamba nimejenga ghorofa.

Mwisho wa kila simu ndipo aliponiambia siku ya kwenda kuonwa. Daktari mpasuaji hakuwapo kila siku, na sisi wa mbali tulikuwa tumekatazwa kuja kwa kubahatisha, tutapigiwa, tutaambiwa. Ndivyo nilivyokuwa naonwa. Simu ikilia, ninaonwa.

Dada simu hizo hazikumpendeza. Zilimkuta kwenye foleni ya mpakani, marobota ya vitenge miguuni, watu wamembana mbele na nyuma, na muuguzi, kwa uzoefu wa kazi yake, hakuwa mtu wa mafumbo. Alisema kansa. Kwetu ugonjwa huo hauitwi. Watu husema "ule ugonjwa" na kutazama pembeni. "Huyu mwanamuke," dada alilalamika, "anaita kansa kama mutu anaita kuku bakule." Mimi nilicheka mpaka mshono ukauma.

Kuna siku moja ninayoikumbuka, ingawa wakati ule sikujua kwa nini niikumbuke. Dada alirudi kutoka mpakani macho yamevimba. Nikamuuliza, akasema vumbi. Msimu ule mvua ilikuwa ikinyesha mfululizo, vumbi lingetoka wapi, lakini sikumbishia. Akanikumbatia ghafla, unga na yote, akaniacha na kuketi kwenye kigoda, akala sambusa moja baada ya nyingine bila kusema lolote. Nikafikiri ameibiwa huko Bukavu na anaona haya.

Baada ya siku ile simu hazikuja tena.

Mwanzoni niliwatetea. Nikasema labda mtandao, labda muuguzi amejifungua. Kila alasiri nilimuuliza dada, "Hawajapiga?" naye akajibu huku akikunja vitenge vyake, "Habayapiga." Miezi ikapita. Nikaacha kuuliza kila siku, nikawa nauliza kila Ijumaa, halafu nikaacha kuuliza, nikaanza kutukana.

Nilimtukana muuguzi yule kwa moyo wote. Nilisema ni mnafiki mwenye sauti ya asali. Nilisema walitaka maneno yetu tu, wameyapata, wametutupa. Niliwaambia wateja, niliwaambia majirani, nilimwambia shehe wa msikitini aliyekuja kununua chapati za futari. Jambo lenyewe liliniuma kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimemwamini mtu yule. Nilikuwa nimemsimulia usingizi wangu, ndoto zangu, jinsi ninavyovaa kanga ili upande uliokatwa usionekane, mambo ambayo hata dada sikumwambia. Wakati mwingine nililia, na dada akanipangusa kwa ncha ya kitenge chake.

"Ndjo beko," aliniambia, yaani ndivyo walivyo. "Bakishapata chenye balikuwa banatafuta, banakusahau. Weye shukuru Mungu, ulishapona. Mutu mwenye alipona, banamuita bamufanye nini?"

Niliona ana hekima. Kwenda mwenyewe sikwenda. Walisema watapiga, hawakupiga. Na mimi nina kiburi, nikasema wakinitaka wananijua nilipo. Kwenye mshono, karibu na kwapa, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya choroko. Nilidhani ni uzi wa daktari uliobaki ndani. Nilikuwa naugusa uzi huo nikiwaza na kujiambia kwamba angalau wameniachia kitu cha kuwakumbukia.

Siku alipokuja yule mgeni, nilikuwa na oda ya akika, unga umejaa beseni. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, ushungi kichwani, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu, na sauti ya chini ikasema, "Mwihangane." Hilo ni neno la pole la Kinyarwanda, huambiwa waliofiwa.

Bila kugeuka nikauliza, "Amekufa nani tena?" Maana mtaa wetu haukosi.

"Nimekuya kubapa pole ya maman wa chapati," ile sauti ikasema. "Munisamehe sikukuya ku mazishi. Nilipata habari nikiwa mbali, na njia ya kukuya sikuipata. Leo nimekuya kuona bagonjwa bengine ba huku, nikasema siwezi kupita hivi."

Nikageuka.

Alikuwa yule muuguzi. Mkononi ameshika mfuko wa karatasi, sukari na sabuni zinaonekana juu. Alinitazama miguu kwanza, kama mtu anayetafuta kwato za jini, kisha akapanda taratibu mpaka usoni. Sijui ni nani kati yetu aliyeanza kupiga kelele. Najua majirani walijaa uani na kuulizana nani ameungua.

Walipotoka, nilimkalisha kwenye kigoda. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nina matusi yangu ya miezi yote ile, nikaanza kuyatoa kwa mpangilio. Kwamba ameniacha. Kwamba alinifanya kitu cha kusomea. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akasema, "Maman, tulipiga. Tuliambiwa ulikufa."

"Nani aliwaambia?"

Akatazama mfuko wake.

"Namba tulikuwa nayo moja tu," akasema.

Naapa mwanzoni sikuelewa. Niliwaza laini imeuzwa, simu imeokotwa, mhuni wa mpakani amefanya mzaha. Nilimpitisha kila mtu kichwani, hata mume wangu wa Bukavu, kabla ya kufika kwa mwenye simu. Na nilipofika kwake nikapita, nikarudi tena nyuma, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

"Mkaamini?" nikamuuliza. "Mtu anasema neno moja kwenye simu, mnanizika? Hamkuuliza kaburi liko wapi?"

"Alikuwa analia, Maman. Analia kweli, mpaka miye pia nikalia. Na nani anaweza kudanganya kifo ya ndugu yake?"

Huku kwetu mtu atakudanganya juu ya bei, juu ya umri, juu ya mume wa jirani. Kifo cha ndugu hakuna anayekichezea. Hata mimi ningeamini.

Akaniambia mengine, kwa sauti ya chini zaidi. Kwamba daktari alikuwa amesimama mbele ya madaktari wenzake na kueleza walichokiona: wanawake wa ng'ambo ya msitu hawadumu kama wale wa karibu. Na miongoni mwa hao wasiodumu, mmoja ni mimi. Watu walitikisa vichwa. Nilikuwa ushahidi. Siku hiyo yawezekana nilikuwa nakata vitunguu.

Kisha akawa muuguzi tena. Akauliza mshono unaendeleaje. Tukaingia ndani, nikafungua kanga. Vidole vyake vikapita juu ya kovu, vikafika karibu na kwapa, vikasimama. Vikarudi nyuma, vikaja tena, vikasimama palepale.

"Hii iko hapa tangu wakati gani?"

"Ni uzi," nikasema.

"Tangu wakati gani, Maman?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Akanifunga kanga mwenyewe, kama unavyomfunga mtoto, akaniambia atampigia daktari siku ileile na kwamba wiki ijayo niwe nimefika. Chai niliyompa hakuweza kuinywa. Alipoondoka aliusahau ule mfuko, au hakujua aufanye nini. Pole ya msiba humrudishii mtu mlangoni. Nikauweka kabatini.

Alasiri dada alikuja kama kawaida, akavua viatu, akaketi kwenye kigoda kilekile. Nikamtilia chai. Nilifungua ile sukari, nikaikoroga mbele yake, nikampa kikombe. Akanywa mafunda kadhaa, akailamba midomo.

"Sukari muzuri hii. Ya wapi?"

"Ya matanga."

"Matanga ya nani?"

"Yangu."

Kikombe hakikumponyoka. Alikiweka chini taratibu, akakigeuza, mkono wa kikombe ukatazama ukutani, akakigeuza tena. Hakuuliza nimejuaje. Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kiapo, kwa kilio, kwa "Mungu ni shahidi, siyo miye," na nilikuwa tayari kukiamini kiapo hicho hata kikiwa cha uongo. Yeye akasema, "Alikuya mwenyewe?"

"Alikuja kunihani."

Ndipo akasema. Alisema akitazama ardhi, kwa maneno ambayo nahisi alikuwa ameyatunza tayari siku nyingi.

"Mama alikufunga mu kitenge, akakutupa ku jaa, ukaishi. Hakuna mutu alimuita mubaya. Na miye ndjo nilikuokota, miye na mikono yangu. Sasa bale batu, kila wakipiga, banaita jina yako na jina ya bugonjwa pamoja, mbele ya batu, kwa nguvu. Nikasema kifo kinasikia. Kilikuwa kimekusahau, bao banakikumbusha. Ile siku wakapiga niko ku pon, nikasema, alishakufa. Nikasema, acha kisikie vile. Kitaenda kutafuta pengine."

Pon ni daraja la mpakani. Pale, katikati ya watu na marobota, aliniua.

"Ukalia," nikasema.

"Nililia. Nilisikia ile neno mu kinywa yangu, nikaona kama ni kweli. Batu ba foleni bakanipa pole."

Vumbi, alisema siku ile. Sambusa zangu alizokula kimya zilikuwa chakula cha matanga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ukijua, haitumike kazi. Hata mama hakukuambia mpaka ukakomaa."

"Dada," nikasema, na sauti yangu nilikuwa siijui, "kifo hakina simu. Mwenye simu alikuwa daktari."

Akaanza kulia. Nikamwacha alie. Nikamchukua mkono, nikauingiza chini ya kanga, nikaukandamiza kwenye ile punje. Aliutoa kama aliyegusa karai la moto.

Ningeweza kusamehe kuniua. Nataka hilo lieleweke. Nimelelewa nyumba moja na yeye, najua jaa lile lilikuwa upande gani wa nyumba, na kama mimi ningekuwa dada na yeye ndiye mgonjwa, siapi kwamba nisingefanya vilevile. Na alipoongeza, baadaye kidogo, "Nilichoka pia, mudogo wangu, ile safari, ile kindoo," hata hilo nililielewa, mtu huchoka. Kinachonikaa kooni ni zile alasiri. Nilimlilia kwamba wamenitupa, naye akanipangusa machozi. Nilimtukana muuguzi, naye akaniongezea matusi niliyokuwa sina. Aliketi pale kwenye kigoda, akanitazama nikiomboleza watu ambao yeye mwenyewe aliwafukuza, akanifariji, na nikamshukuru. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walisema pia mficha maradhi kilio humuumbua. Dada yangu alikitanguliza kilio, na maradhi yakabaki yamejificha ndani yangu, yakila kwa starehe.

Wiki iliyofuata nilikwenda ng'ambo ya msitu. Sikumwomba anisindikize. Nilipofika stendi nilimkuta ameshakaa ndani ya basi, kikapu magotini, kindoo ndani ya kikapu. Nikaketi kando yake kwa sababu nafasi nyingine haikuwapo. Msitu mzima hatukusemezana. Tumbo langu, ambalo halina heshima, lilianza kwenye kona za kwanza, na kindoo kikawa tayari chini ya kidevu changu kabla sijainama. Nilimchukia, na nilitapika ndani ya mikono yake.

Daktari alikitoa kile kitu, kikapimwa. Ugonjwa ulikuwa umerudi. Alinieleza bila kunizungusha, na kwa hilo nilimheshimu: ungekamatwa mapema, jambo lingekuwa dogo; sasa tunaanza safari ndefu, kisu tena na dawa za mshipa tena, na mwisho wake haujui. Hakuuliza kwa nini nilichelewa. Bila shaka alikuwa ameambiwa. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, na daktari aliongea akinitazama mimi peke yangu.

Nilimuuliza kuhusu hesabu ile ya waliokufa. Akasema nimeshatolewa humo, nimerudishwa kwa walio hai. Nikamuuliza, na wale madaktari waliotikisa vichwa? Akatabasamu vibaya, akasema hao hawezi kuwarudisha wote ukumbini. Nilisema nimeelewa. Hata mtaani kwetu, anayetangaza msiba husikika na watu wengi kuliko anayekuja kesho yake kusema tumekosea.

Nilipoanza kupata nafuu ya kisu cha pili, muuguzi akaja, akaketi kitandani kama mwanzo. Alitaka kuniandika upya. Safari hii nilikuwa na simu yangu, nimeinunulia kifuko na naiweka mbali na mafuta. Nikamtajia namba, akaipiga palepale, ikalia kifuani mwangu, upande wenye titi, tukacheka sote wawili kidogo.

"Na ya mutu wa karibu," akasema. "Kama tunakupigia na haupatikane."

Dada alikuwa upande wa pili wa kitanda, palepale alipoketi mara ya kwanza. Akaanza kuitaja yake. Alianza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu swali lake, na alikuwa amefika katikati.

"Hakuna," nikasema.

Dada akanyamaza na tarakimu mdomoni. Muuguzi akainua kichwa, akatutazama, mimi, kisha yeye.

"Maman, lazima tuwe na mutu."

"Nikikosa kushika simu, mje wenyewe," nikamwambia. "Njia mnaijua. Mkinikuta, mtanipima. Msiponikuta, muulize kaburi, mkaonyeshwe."

Aliandika kitu, sijui nini. Dada alikaa kidogo, mikono mapajani, simu zake mbili zikiwa zimelala pale. Halafu akainuka, akachukua kindoo chini ya kitanda, akaenda kukiosha, maana tulikuwa tunarudi nyumbani siku hiyo na msitu ulikuwa mbele yetu.